Paka Ambaye Hakuwamo: Asili ya "Sourpuss" na Neno Letu la Mpakani

Makala haya yanaanza na kosa langu mwenyewe. Kwa muda wa miaka sita hivi nilifundisha kozi ya tafsiri, na katika kifungu kimoja cha Kiingereza nilichopenda kuwapa wanafunzi wa mwaka wa pili mlikuwa na neno "sourpuss". Ni neno la mitaani, si la ofisini. Hutumiwa kwa mtu aliyenuna daima, yule ambaye akiingia chumbani kicheko kinakatika. Kila mwaka hakukosekana mwanafunzi aliyelitafsiri "paka mchachu". Darasa lilicheka, nami nilicheka nao. Kisha nikawaeleza kwa uhakika wote wa mhadhiri kwamba tafsiri inayofaa ni "mnunaji" au "mwenye uso wa kununa", ila asili ya neno kweli ni paka: paka aliyeramba maziwa yaliyochacha, akakunja uso.

Nilikuwa nimeitoa wapi hadithi hiyo? Sikuitoa popote. Niliitunga kutokana na umbo la neno lenyewe. "Sour" ni chachu, "puss" ni paka, na akili ya binadamu ikipewa vitu viwili haitulii mpaka iviunganishe. Tatizo ni kwamba niliitunga mara moja, nikaisema mara nyingi, na baada ya miaka michache nikaamini kuwa niliisoma mahali.

Aliyenizindua ni mwanafunzi mmoja kutoka Mwello, Tororo, kijana mpole ambaye kwa kawaida hakuzungumza darasani. Siku hiyo alinyosha mkono. "Samahani, mwalimu," akasema, "wiki jana ulitufundisha kwamba asili ya neno haithibitishwi kwa kulitazama tu. Sasa huyu paka ana ushahidi gani?" Nilimjibu kwamba tungelijadili wiki inayofuata. Wasomaji walio walimu wanajua maana ya jibu hilo.

Nilikwenda maktaba. Kamusi za kihistoria za Kiingereza zinaonyesha kwamba "sourpuss" ni neno changa, lililoanza kuandikwa Marekani katika miaka ya 1930. Lakini "puss" ya pale si paka. Kabla ya kuungana na "sour", neno hilo lilikuwa likitembea peke yake katika lugha ya mitaani ya Marekani tangu mwisho wa karne ya 19, likiwa na maana ya uso au mdomo. Mtu alitishiwa kupigwa ngumi ya "puss", na hapo hakuna paka wa kupigwa. Asili yake inayoelezwa na wanakamusi ni Kiayalandi, lugha ya Kikelti ya Ayalandi, ambamo "pus" ni mdomo, hasa mdomo uliotokezwa mbele kwa kununa. Hadi leo mzungumzaji wa lugha hiyo akitaka kusema kwamba fulani amenuna husema "tá pus air", yaani, tukilifuata neno kwa neno, "kuna mdomo juu yake". Na huko Ayalandi na Uskoti, hata wanaozungumza Kiingereza tu husema kwamba mtu "ana puss" wakimaanisha kwamba amevuta mdomo.

Paka naye ana "puss" yake halali. Imo katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 16 na ina ndugu katika Kiholanzi, "poes". Kwa hiyo ni maneno mawili yaliyotoka nyumba mbili tofauti yakakutana yakiwa na sauti moja. Yule mkubwa, aliyekuwa amezoeleka, alimmeza mdogo. Watu walipolisikia neno la mdomo, masikio yao yaliwapa paka. Katika miaka ya 1940 Wamarekani waliunda "glamour puss" kwa mtu mwenye sura ya kupendeza, na wasikilizaji wengi wa leo humwona paka hapo pia, tena paka wa manyoya laini.

Lilifikaje Marekani? Kati ya 1845 na 1852 Ayalandi ilikumbwa na njaa kuu baada ya viazi kuoza shambani. Takriban watu milioni 1 walifariki, na zaidi ya milioni 1 wakahama. Sensa ya mwaka 1855 ilionyesha kwamba zaidi ya robo ya wakazi wa jiji la New York walikuwa wazaliwa wa Ayalandi. Walifanya kazi za bandarini, za ujenzi na za nyumbani kwa watu. Wengi wao walikuwa wazungumzaji wa Kiayalandi au watoto wa wazungumzaji. Watu wa namna hiyo hawaingizi maneno yao katika lugha ya wenyeji kupitia vitabu. Wanayaingiza kupitia ugomvi, utani na kulea watoto wa wengine. Si ajabu basi kwamba kilichovuka bahari ni neno la mdomo ulionuna.

Hapa nina jambo la pembeni, ambalo kwangu ni zito kuliko paka. Katika karne ya 19 watoto wengi wa shule huko Ayalandi walitungikwa kijiti shingoni. Kila mtoto aliponaswa akizungumza Kiayalandi kijiti kilitiwa alama, na mwisho wa siku alama zilihesabiwa, naye akachapwa kwa kadiri yake. Wasomaji waliopitia shule za msingi za Kenya na Uganda hawahitaji kuelezwa zaidi. Kwetu kilikuwa kipande cha ubao chenye kamba, kikapokezwa kutoka kwa mkosaji mmoja hadi mwingine, na aliyelala nacho ndiye aliyejibu asubuhi. Mimi nilikivaa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kwa lugha ya mama. Mara ya pili ilikuwa kwa Kiswahili, kwa sababu siku hiyo ilikuwa siku ya Kiingereza. Nakumbuka vizuri kwamba nilinuna hadi jioni. Sikujua wakati huo kwamba Kiingereza nilichokuwa nikilazimishwa kukizungumza kilikuwa na neno la kuniita, na kwamba neno hilo lilitoka kwa watoto waliovaa kijiti kama changu.

Si lazima kila neno la Kiingereza la mtu mnunaji liwe na safari ndefu hivyo. "Grouch", kwa mfano, lina uhusiano na kitenzi cha zamani cha Kifaransa cha kunung'unika, na ni jamaa ya "grudge", kinyongo. Hapo umbo na maana havigombani, na mwalimu hana nafasi ya kudanganya.

Turudi kwa kijana wa Mwello. Wiki iliyofuata nilikiri kosa mbele ya darasa, nikaeleza habari za Ayalandi, na nilidhani tumemaliza. Kumbe ndiyo kwanza tunaanza. Mwanafunzi wa kike aliyeketi nyuma alisema, "Mwalimu, hata sisi huku mpakani tunaye paka wetu. Tuanze na bodaboda."

Alikuwa na haki. Sisi wa Busia na Tororo tunaishi juu ya mstari ambao haukuchorwa na wazee wetu. Mwaka 1902 serikali ya Uingereza iliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mpaka ukaja kufuata, kwa sehemu kubwa ya upande wetu, Mto Sio na Mto Malaba. Iteso wakabaki huku na huku, Wasamia vilevile. Mji wa Busia ni miji miwili yenye jina moja. Ule wa Uganda ulikuwa katika Wilaya ya Tororo hadi Busia ilipopewa wilaya yake mwaka 1997. Hapa mama mchuuzi huanza sentensi kwa Ateso, akataja bei kwa Kiswahili na kumalizia kwa Kisamia, wala hajioni kuwa amefanya jambo la kuandikiwa tasnifu.

Habari za bodaboda zenyewe zinajulikana kwa jumla. Watafiti wa usafiri huweka mwanzo wake katika miaka ya 1960, katika eneo hili la mpaka. Kati ya kizuizi cha nchi moja na kizuizi cha nchi ya pili palikuwa na kipande cha ardhi cha kutembea kwa miguu. Kwa upande wa Busia husemwa kuwa kilizidi nusu maili. Abiria alishuka kwenye gari upande mmoja, akagongewa muhuri, akabeba mzigo wake juani. Kuvusha gari kulihitaji makaratasi, lakini baiskeli haikuulizwa makaratasi. Vijana wakafunga mto wa sponji kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli nzito za chuma, wakawa wanawaita wasafiri: "Boda! Boda!"

Biashara hiyo ilipata nguvu zaidi katika miaka ya 1970. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Maduka yalipofungwa, sabuni, chumvi na sukari zikawa bidhaa za kutafutwa ng'ambo ya mpaka. Brazili nayo ilipopigwa na baridi kali Julai 1975 na bei ya kahawa duniani kupanda, kahawa ya Uganda ilivuka kwa magunia kuja Kenya, hasa kupitia Chepkube, upande wa Mlima Elgon. Kipindi hicho kiliipa Uganda maneno mawili ya Kiswahili ambayo hata wanaodai hawajui Kiswahili wanayajua: "magendo", na "mafutamingi" kwa wale walionawiri ghafla. Mwanauchumi Reginald Green aliliweka neno magendo katika kichwa cha andiko lake la mwaka 1981 kuhusu uchumi wa Uganda, bila kulitafutia mbadala wa Kiingereza.

Sasa darasa likagawanyika kuhusu "boda". Kundi la kwanza lilishikilia kwamba limetokana na "border to border", kutoka mpaka hadi mpaka. Kundi la pili lilisema ni "border, border", mwito uliorudiwa tu. Mwanafunzi mmoja kutoka mbali kidogo na mpaka alidai linatokana na "board", kupanda chombo, kwa kuwa abiria anapanda. Na mmoja, nadhani kwa uchokozi, alisema ni "body", mwili, kwa sababu ya namna abiria watatu wanavyobanwa juu ya pikipiki moja. Niliona paka wanne wakitembea darasani, na safari hii sikutaka kucheka kabla ya kuuliza.

Tulianza na sauti. "Border" kwa matamshi ya Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho kilichofundishwa shule zetu, haina r ya kusikika mwishoni. Masikio ya mtu aliyezoea silabi wazi hupokea "bo-da" moja kwa moja, bila kuongeza wala kupunguza. "Board" nayo ingetarajiwa kupata irabu ya mwisho, na mara nyingi Kiswahili kinapofunga neno la namna hiyo huchagua i: "kadi" kutoka "card", "gadi" kutoka "guard". Tena tunayo "bodi" tayari, na ni ya wakurugenzi. "Body" pia imekwisha kuwa "bodi", ile ya gari. Kwa hiyo sauti peke yake inaiunga mkono "border".

Lakini sauti ndiyo iliyonidanganya mimi kwa paka. Tukaenda kwenye mahali. Neno lingetokana na kupanda chombo, lingeweza kuzaliwa popote penye abiria: Nakuru, Jinja, Mwanza. Halikuzaliwa huko. Lilienea kutoka mpakani kwenda nje. Baiskeli za abiria zilifika miji mingine ya Uganda na ya magharibi mwa Kenya, zikaja pikipiki zikachukua nafasi yake, na katika muongo wa kwanza wa karne hii neno lilikuwa limevuka hadi Dar es Salaam, ambako mwendeshaji anaweza kufanya kazi mwaka mzima asione mpaka wa nchi hata siku moja. Neno limebeba mahali pa kuzaliwa kwake kama alama ya chanjo begani.

Kuhusu ugomvi wa makundi mawili ya kwanza, mimi nipo upande wa mwito uliorudiwa. Nendeni steji yoyote msikilize. Utingo hasemi "kutoka Busia hadi Kisumu". Anasema "Kisumu Kisumu Kisumu", na upande wa pili mwenzake anasema "Mbale Mbale". Kurudia ndiyo sarufi ya steji. Aidha, Kiswahili kimeshazoea majina ya namna hiyo: pikipiki lilikuwapo kabla ya pikipiki yenyewe kuwa bodaboda. "Border to border" inaelekea kuwa maelezo yaliyotengenezwa baadaye na watu waliotaka neno liwe na mantiki ya safari nzima. Linapendeza sana kwa watalii. Ila sijui ni kijana gani wa Busia mwaka 1968 angepoteza pumzi kwa "to" ya katikati wakati abiria anachukuliwa na mwenzake.

Tazameni pia lilivyotanuka maana. Kwanza lilikuwa mwito, kisha likawa jina la huduma, kisha chombo, na sasa ni mtu: "muulize yule bodaboda". Uganda wamelikata, wanasema "boda" tu. Hakuna aliyeketi kamatini kulipanga. Kiswahili kimefanya hivyo kwa maneno mengine ya barabarani tangu zamani. "Keep left", kibao cha kumwambia dereva ashike kushoto, kikawa kipilefti, na kwa kuwa kilianza na ki-, wingi wake ukawa vipilefti. "Mudguard" ya baiskeli ikawa madigadi, wasemaji wakaisikia ma- ya wingi, wakaunda digadi moja. Hizo nazo ni kesi za paka: sikio limepata kitu kilichofanana na cha nyumbani, likakipa ukoo. Tofauti ni kwamba hapa hatusemi wasemaji wamekosea. Vipilefti ni sarufi safi. Kosa ni la mwalimu anayesimama mbele ya darasa na kudai kwamba kipilefti kimetokana na shina "-pilefti" la Kibantu.

Nasema haya kwa sababu katika usahihishaji wa mitihani nimekutana na walimu, tena wazuri, wanaolikata "bodaboda" kwa kalamu nyekundu na kuandika "si Kiswahili sanifu", huku wakiliacha "baiskeli" lipite bila kuguswa, ingawa yote mawili yametoka Kiingereza. Nilipomuuliza mmoja wao sababu, alinijibu kwamba bodaboda ni neno la vijana wa mpakani. Sikumjibu pale. Nilikumbuka kipande cha ubao.

Tarehe 24 Februari 2018 Rais Museveni na Rais Kenyatta walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia. Sasa msafiri hukamilisha taratibu za nchi zote mbili katika jengo moja, upande wa nchi anayoingia. Kile kipande cha kutembea juani kilicholizaa neno kimepoteza kazi yake ya zamani, lakini neno halikuhitaji ruhusa yake kuendelea. Mtoto wa Nairobi wa leo akiambiwa kwamba bodaboda ni "mpaka" atashangaa kama nilivyoshangaa mimi kuhusu mdomo wa Waayalandi. Baada ya miaka 50 atakuwapo mwalimu wa kumwambia ni "body", na darasa litaandika.

Ndiyo maana niliamua kuwatafuta wanafunzi wangu wa ile miaka sita. Wengi ni walimu sasa, kuanzia Bungoma hadi Mbale. Niliwaandikia barua fupi nikieleza kwamba "puss" ya "sourpuss" ni mdomo, kwamba paka nilimtunga mwenyewe, na kwamba ninaomba radhi. Majibu yamekuwa mazuri kuliko nilivyostahili. Wawili walisema hawakumbuki kabisa somo hilo, jambo ambalo kwa mara ya kwanza katika kazi yangu lilinifurahisha. Mmoja aliniuliza kama Kiswahili nacho hakimweki mnunaji mdomoni, akanitajia kubetua midomo na kuvuta mdomo. Nimemwambia aandike makala, na nafasi katika toleo lijalo ipo. Mwingine, anayefundisha Kiingereza na Kiswahili katika shule moja ya sekondari, alijibu siku hiyohiyo.

"Mwalimu," aliandika, "barua yako imechelewa kwa wiki moja. Nimekwisha kutahini paka katika mtihani wa muhula, maksi mbili." Nimemwomba azitoe maksi hizo kwa wote, na kama yupo mtoto aliyeandika "mdomo", aniletee jina lake.